Je, Wajua? Pigo Lisiloacha Alama

Leo safu hii imejaa vitu vinavyopigwa: plaiwudi, bawa la ndege, gome la mtoma, helmeti ya bodaboda. Vingi vimejengwa kwa matabaka yaliyoshikwa na gundi, na vina hila moja: vinaweza kuvunjika ndani huku nje vikibaki laini na vinang'aa. Kupima jeraha la namna hiyo ni kazi ya watu wengi duniani, na haiko mbali na Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, kama inavyosikika.

Je, wajua kwamba plaiwudi iliyoegemezwa ukutani kwenye karakana ya seremala pale Omurushaka na bawa la Airbus A220 ya Air Tanzania vimejengwa kwa kanuni moja? Mti una nguvu ukiuvuta kwa kufuata nyuzi zake, lakini ukiupiga shoka kwa kufuata nyuzi hizohizo unapasuka bila ubishi. Mtengeneza plaiwudi hulaza karatasi nyembamba za mbao zikiwa zimekatizana, moja kwenda kaskazini na kusini, inayofuata mashariki na magharibi, ili udhaifu wa moja ufunikwe na nguvu ya jirani yake. Kiwanda cha mabawa ya A220 kilichopo Belfast, Ireland ya Kaskazini, kinafanya hivyohivyo, ila nyuzi zake ni za kaboni na gundi yake ni rezini ya epoksi. Nyuzi zilizoshikwa na gundi wahandisi huziita kompositi. Zikipangwa kwa matabaka, ni laminati.

Uzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha maikromita 7 hivi. Unywele wa kichwani ni mnene karibu mara kumi ya huo. Tabaka moja lililokwisha kuiva linaweza kuwa na unene wa milimita 0.125 tu, kwa hiyo ubao wa kaboni wa milimita 4 unabeba matabaka 32. Kati yake kuna maungio 31, na kila ungio ni mahali ambapo matabaka yanaweza kuachana.

Je, wajua jouli moja ni kiasi gani? Pakiti ya sukari ya kilo 1 ikianguka kutoka sentimita 10 inatua na nishati ya karibu jouli 1. Spana ya kilo 1 ikimponyoka fundi kutoka mita 2: karibu jouli 20. Mkungu wa ndizi wa kilo 30 ukiteleza begani, mita 1.5 kutoka ardhini: jouli 440. Gunia la kahawa la kilo 60 likisukumwa kutoka kwenye bodi la Fuso, kimo cha mita 1.2: jouli 700. Hesabu yake ni nyepesi: kilo, mara 9.8, mara kimo kwa mita. Lakini ukubwa wa namba usikudanganye. Pigo la gunia linatawanyika eneo pana. Spana inayotua kwa ncha yake inaweka jouli zake zote 20 mahali padogo kuliko ukucha, na hizo zinatosha kuumiza ubao mwembamba wa kaboni.

Je, wajua kwa nini bati ni shahidi mwaminifu kuliko kaboni? Mlango wa gari ukigongwa unabonyea na kubaki umebonyea. Hata mtoto ataonyesha palipopigwa. Bamba la aluminiamu la ndege za zamani lilikuwa na tabia hiyohiyo, na wakaguzi wa vizazi kadhaa waliitegemea. Nyuzi za kaboni hazina tabia hiyo: ama zinarudi zilipokuwa, ama zinakatika. Pigo la wastani linapotua, ubao unapinda, nyuzi zinaurudisha ulivyokuwa, rangi inabaki salama, na fundi aliyeangusha spana anaokota kifaa chake na kuendelea na kazi. Kilichopasuka ni rezini iliyo kati ya matabaka, na hiyo haina mlango wa kutazamia.

Kwa sababu hiyo wakala wa usafiri wa anga wa Marekani, FAA, katika mwongozo wake wa 2009, aliyagawa majeraha ya kompositi katika makundi matano. La kwanza ndilo linalonivutia: majeraha madogo ambayo mkaguzi huenda asiyaone kabisa. Muundo wenye jeraha la kundi hilo lazima bado ubebe mara 1.5 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa maishani mwa ndege. Maana yake, ndege inasanifiwa kwa kudhani kwamba imekwisha kuumia na hakuna aliyejua. Kundi la tano ni la ajali zisizo za kawaida, kama gari la huduma kuivaa ndege uwanjani. Hapo hakuna mahesabu ya kutosha. Kinachotakiwa ni mtu aliyeona aseme.

Na ukiukata ubao uliopigwa, ukautazama kwa hadubini, utakuta jeraha lina umbo la mushonge, ile nyumba ya nyasi ya asili ya Kagera. Ncha nyembamba iko juu, palipopigwa, kisha linapanuka kadiri unavyoshuka, hadi upande wa nyuma ambako matabaka yaliyoachana yamechukua eneo kubwa kuliko yote. Mkaguzi aliyesimama nje anaona ncha tu.

Matabaka mawili yenye nyuzi za mwelekeo mmoja hayaachani kwa pigo. Yanaachana yaliyokatizana. Kile kinachoupa ubao nguvu pande zote ndicho kinachoupa mahali pa kupasukia, na hakuna mhandisi aliyekwisha kuukwepa mkataba huo.

Je, wajua kwamba kuna kipimo cha pigo kinachotambulika duniani, na kwamba sehemu kubwa ya mtambo wake fundi wa kuchomelea wa Kayanga angeweza kuiunda? Kinaitwa ASTM D7136. Unakata kipande cha laminati cha sentimita 10 kwa 15, unene wa milimita 5 hivi. Unakilaza juu ya fremu ya chuma yenye dirisha la sentimita 7.5 kwa 12.5 na kukibana sehemu nne kwa vibanio vyenye vichwa vya raba. Juu yake unaachia uzito unaoteremka kwenye reli, kilo 5.5 hivi, wenye kichwa cha chuma cha umbo la nusu tufe, kipenyo milimita 16. Nishati ya kawaida ni jouli 6.7 kwa kila milimita ya unene. Kwa ubao wa milimita 5 hiyo ni jouli 33.5, ambayo uzito huo unaipata ukianguka kutoka sentimita 62.

Fremu, reli na uzito ni kazi ya grenda na mashine ya kuchomelea. Ghali ni kihisi kinachokaa nyuma ya kichwa cha chuma, kinachoandika nguvu ya pigo maelfu ya mara katika muda wa kupepesa jicho. Mchoro wake unapanda, kisha ghafla unashuka kidogo na kuanza kutetemeka kabla ya kupanda tena. Mshuko huo mdogo ndio wakati matabaka yalipoanza kuachana. Sharti jingine: uzito ukidunda lazima udakwe. Ukiuacha ukapiga mara ya pili, kipande kimepata majeraha mawili na wewe umeandika moja.

Baada ya pigo hupimwa kina cha kibonyeo kwa geji, mara moja. Ukichelewa unapima kitu kingine, kwa sababu rezini hujirudi polepole na kibonyeo hupungua kwa saa na siku zinazofuata, hasa penye joto na unyevu. Watu wawili waaminifu wanaweza kupima kipande kilekile, mmoja Jumatatu na mwingine Ijumaa, wakatoka na namba mbili. Ndege iliyogongwa leo ikakaguliwa wiki ijayo inaweza kuonekana imepona.

Je, wajua kwamba ubao uliopigwa hausumbuki sana ukivutwa, bali ukikandamizwa? Ukiuvuta, nyuzi zilizonyooka bado zinashika, hata kama gundi kati yake imeachia. Ukiukandamiza kutoka kwenye kingo zake, kila tabaka lililoachana linasimama peke yake, jembamba, nalo linapinda na kutoka mahali pake. Ndiyo maana kipimo cha pili, ASTM D7137, huchukua kipande kilekile kilichopigwa na kukikandamiza hadi kivunjike. Ubao ambao macho yameupitisha unaweza kuwa umepoteza nusu ya nguvu yake ya kustahimili mkandamizo. Ukiniuliza namba moja ya kuiamini katika taaluma hii yote, nitakutajia hiyo. Kina cha kibonyeo kinaeleza ngozi tu, na picha ya ndani inaonyesha eneo. Nguvu iliyobaki ndiyo inayosema kama chombo kinapaa au kinabaki.

Je, wajua kwamba sarafu ya shilingi 200 ni kifaa cha ukaguzi? Mafundi wa ndege kote duniani hugonga kompositi kwa sarafu au kinyundo kidogo wakisikiliza. Palipo pazima hutoa mlio mkali na mfupi. Palipoachana hutoa mlio mzito, uliokufa. Njia hiyo inafaa kwa ngozi nyembamba zilizobandikwa juu ya kiini chepesi, kwa mfano kwenye usukani wa mkiani. Kwenye ubao mnene, jeraha lililo chini halisikiki. Tarehe 6 Machi 2005 ndege ya Airbus A310 ya Air Transat, ikitoka Varadero nchini Kuba kwenda Quebec, Kanada, ilipoteza karibu usukani wake wote wa kompositi ikiwa angani. Ilirudi na kutua salama. Wachunguzi wa Kanada waliandika kwamba ukaguzi uliokuwa ukifanywa wakati huo, wa macho na wa kugonga, huenda haukutosha kugundua kasoro mapema.

Sikio, kwa hiyo, linahitaji msaada. Je, wajua kwamba kifaa cha ultrasaundi, cha aina ileile inayomwonyesha mama mjamzito mtoto wake, pale Hospitali ya Nyakahanga au kwingineko, ndicho kinachotafuta majeraha ndani ya bawa? Kwa kaboni hutumika mara nyingi mitetemo milioni 5 kwa sekunde. Sauti hupita ndani ya laminati kwa mwendo wa karibu mita 3,000 kwa sekunde, kwa hiyo ubao wa milimita 5 unapitwa, kwenda na kurudi, kwa muda wa takriban sehemu 3.3 za milioni ya sekunde. Mwangwi ukirudi mapema kuliko hapo, umegonga kitu njiani. Kitu hicho ni hewa: ufa mwembamba kuliko karatasi, ukiwa na hewa ndani, hurudisha karibu sauti yote. Kwa sababu hiyohiyo mkaguzi hupaka jeli au maji kabla ya kuanza, sawasawa na mhudumu wa hospitali. Hewa iliyobaki kati ya kifaa na ubao ingeizuia sauti kabla haijaingia.

Ukikipitisha kifaa hicho mstari kwa mstari juu ya ubao wote na kukusanya miangwi, unapata ramani yenye rangi: eneo la jeraha kwa milimita za mraba, hata kina cha kila tabaka lililoachana. Mtoto wa darasa la nne angeisoma.

Njia nyingine kwa haraka. Taa kali humulika ubao kwa mmweko mmoja, kamera ya joto ikatazama. Penye ufa joto hunaswa na doa hubaki la moto zaidi ya jirani zake. Leza hulinganisha uso wa ubao kabla na baada ya kuvutwa kidogo kwa ombwe, na palipoachana huvimba kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Eksirei ya kompyuta huonyesha kila ufa kwa pande zote tatu, ila kipande lazima kitoshe ndani ya mashine, na bawa halitoshi.

Je, wajua kwamba takriban nusu ya uzito wa muundo wa Boeing 787 Dreamliner ni kompositi, mwili mzima ukiwemo? Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018. Ethiopian Airlines iliitangulia Afrika yote mwaka 2012. Julai 2013 mojawapo ya hizo za Ethiopia iliungua sehemu ya juu ya mwili, nyuma, ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, chanzo kikiwa betri ya kifaa cha kutoa ishara za dharura. Wengi walitabiri kwamba mwili wa kaboni ulioungua hautengenezeki. Mafundi walikata sehemu iliyoharibika, wakaijenga upya, na kabla mwaka haujaisha ndege ikarudi kazini.

Na ndege za Bukoba? Bombadia ya Air Tanzania, Dash 8-400, inavutwa na mapangaboi yenye mabapa sita ya kompositi kila upande. ATR 72, ndege nyingine ya mapangaboi, iliingia kazini 1989 ikiwa ndege ya kwanza ya abiria ya aina yake kuwa na sehemu kuu ya bawa, ile ya nje, iliyojengwa kwa kaboni. Anayepanda basi kutoka Kayanga kwenda kuchukua ndege Bukoba amekwisha kukabidhi maisha yake kwa laminati, ajue asijue.

Je, wajua adui mkubwa wa ndege ya kaboni akiwa ardhini? Ni gari la mizigo, ngazi ya abiria na lori la chakula. Na hapa kuna jambo linalopingana na akili ya kawaida. Magari hayo hufungwa raba mbele ili yasiikwaruze ndege. Hyonny Kim na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waligonga vipande vikubwa vya mwili wa kaboni kwa raba za namna hiyo na kukuta kwamba mbavu za ndani zinaweza kuvunjika huku ngozi ya nje ikirudi ilivyokuwa bila kibonyeo wala mkwaruzo. Kona ya chuma ingeacha shimo la kuonekana, na ndege ingezuiwa. Raba inaificha siri. Kwa wahudumu wa uwanjani vilibuniwa vifaa vidogo vya ultrasaundi visivyohitaji utaalamu: unakigusisha ndegeni, kinajibu nzima au mbovu. Lakini hakuna kifaa kinachofanya kazi kama dereva aliyegonga amenyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Kampuni inayomfukuza aliyeripoti inajinunulia ajali.

Je, wajua kwamba kuku waliwahi kusaidia kuiangusha kampuni kubwa? Rolls-Royce ya Uingereza ilijaribu kuwekea injini yake mpya, RB211, mabapa ya mbele ya nyuzi za kaboni. Mwaka 1970 yalipopigwa na kuku aliyerushwa kwa mzinga, kipimo cha kawaida cha kugongana na ndege wa angani, yalisambaratika. Kampuni ikarudi kwenye titaniamu kwa gharama kubwa, na Februari 1971 ikafilisika, serikali ikaichukua. Wamarekani wa General Electric walifanikiwa miaka 25 baadaye kwenye injini ya GE90, kwa kuyavisha mabapa ya kaboni ukingo wa titaniamu. Leo Dreamliner za Kenya Airways zina injini zenye mabapa ya kaboni, na za Air Tanzania zina injini za Rolls-Royce zenye mabapa ya titaniamu. Ndege zinafanana, vifua tofauti.

Kanuni za Marekani hutaka mkia wa ndege kubwa ustahimili kugongwa na ndege wa kilo 3.6. Korongo marabu, yule mwenye kipara na mfuko shingoni anayezurura kwenye majalala ya miji ya kandokando ya Ziwa Victoria, anaweza kufika kilo 9.

Je, wajua kwamba kipande cha povu chenye uzito usiofika kilo 1 kiliua watu saba? Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 baada ya chombo cha anga Columbia kuruka, povu la kuzuia joto lilibanduka kwenye tangi la mafuta na kupiga ukingo wa bawa la kushoto, uliotengenezwa kwa matabaka ya kaboni. Povu lilikuwa na kilo 0.76 hivi, na mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa saa ukilinganisha na bawa: jouli zaidi ya 20,000. Wahandisi kadhaa waliomba picha za bawa hilo zipigwe kutoka angani, hazikupigwa. Februari 1 chombo kiliporudi, hewa ya moto ikaingia pale palipotoboka na chombo kikasambaratika. Julai mwaka huohuo wachunguzi walirusha povu kama lile kwenye ukingo kama ule huko Texas, na likafungua shimo la sentimita 40. Kabla ya hapo wapo walioamini kwamba kitu chepesi namna hiyo hakiwezi.

Mvua ya mawe inayochana majani ya migomba inaingia hapa pia. Jiwe la barafu lenye kipenyo cha sentimita 5, ambalo ni kubwa, lina uzito wa gramu 59 hivi, nalo hutua kwa mwendo wa karibu mita 30 kwa sekunde: jouli 27, karibu sawa na kile kipimo cha maabara. Ndege ikilikuta jiwe hilo kwa mwendo wa mita 200 kwa sekunde, ni jouli 1,180. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne.

Sasa turudi shambani. Je, wajua kwamba mbugu, nguo ya gome la mti iliyovaliwa Buganda na Buhaya kabla ya pamba kuenea, huzaliwa kwa kupigwa? Gome la mtoma, ambao Waganda huuita mutuba, huchunwa wakati wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kuanzia ya mifereji mipana hadi ya mifereji myembamba, mpaka nyuzi zake zisambae na kuwa shuka. Shina lililochunwa hufungwa majani ya mgomba ili likue gome jipya. UNESCO iliutangaza ufundi huo wa Uganda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mwaka 2015 mtafiti wa Uganda Samson Rwawiire na wenzake walichapisha utafiti wao wa matabaka ya gome hilo yaliyogandishwa kwa epoksi, lengo likiwa dashibodi ya gari. Wahenga walilipiga gome ili lilainike. Watafiti wanalipima ili lisivunjike. Mti wenyewe bado umesimama kwenye vibanja vya Kagera, mara nyingi ukitoa kivuli kwa kahawa na migomba.

Na mgomba je? Kila mkungu unaokatwa Nkwenda au Nyaishozi unaacha shina lililojaa nyuzi, linalobaki kuoza shambani. Kuoza huko si hasara, maana ndiyo mbolea ya kibanja. Lakini abaka, jamii ya mgomba inayolimwa Ufilipino, iliwahi kuingia kiwandani: mnamo 2005 Mercedes-Benz A-Class ilikuwa na kifuniko cha sehemu ya tairi la akiba, chini ya gari, kilichotengenezwa kwa plastiki iliyoimarishwa na nyuzi zake. Mahali pale panapigwa na kokoto kila siku. Kikwazo cha nyuzi za mimea ni maji: zinayapenda, rezini haiyapendi, na mshikano wao unakuwa dhaifu mpaka nyuzi zisafishwe, mara nyingi kwa magadi makali. Anayetaka kuuza wazo la kompositi ya migomba aanze na kipimo cha pigo kwenye kipande kikavu na kingine kilichokaa majini wiki nzima. Asipoonyesha hicho cha pili, usimpe fedha.

Ujerumani Mashariki ilikwenda mbali zaidi: mabamba ya mwili wa gari la Trabant, lililoundwa kuanzia 1957 hadi 1991, yalikuwa ya mabaki ya pamba na rezini.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, kuna kompositi zinazoruka kila siku? Kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu kwa droni Muhanga mwaka 2016, kisha ikafungua kituo cha pili Kayonza, mashariki ya nchi hiyo. Droni zake zina mifupa ya kaboni iliyovikwa povu, na hazitui kwa magurudumu: hunaswa hewani kwa waya. Mwaka 2018, kwenye Ziwa Victoria, droni ya DHL iliyoundwa na Wingcopter ilijaribiwa kwa miezi sita ikipeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Chombo kinachonaswa au kutua mara nyingi kwa siku kinahitaji mtu mwenye sikio na sarafu, au zaidi ya hapo, kila jioni.

Laminati zisizoruka zipo pia. Kenya ina mitambo 365 ya upepo kando ya Ziwa Turkana, kila mmoja na mabapa matatu ya laminati yenye urefu wa mita 25 hivi. Moshi, chuo cha TATCOT kimefundisha tangu 1981 utengenezaji wa viungo bandia, ambavyo baadhi ya vikombe vyake, vinavyopokea kigutu, huundwa kwa soksi zilizolowekwa rezini, tabaka juu ya tabaka. Kikombe kikipasuka ndani, anayekivaa husikia maumivu kabla fundi hajaona ufa.

La mwisho, na ndilo la kila siku kati ya Omurushaka na Murongo. Je, wajua kwamba pigo la kawaida katika kipimo cha Umoja wa Mataifa cha helmeti za pikipiki ni la mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa tu? Madereva wakisikia hucheka. Lakini kinachopimwa ni mwendo wa kichwa kuelekea kinachokigonga, sawa na kuanguka kutoka mita 2.9, na kichwa cha kilo 5 kwa mwendo huo kinabeba jouli 140. Ganda la helmeti, likiwa la faiba, humeza sehemu ya jouli hizo kwa kuachana matabaka yake. Povu gumu lililo ndani humeza zilizobaki kwa kusagika. Hapa kuharibika ndiyo kazi yenyewe, na kazi hiyo hufanyika mara moja. Povu lililosagika halirudi, na kitambaa kilicho juu yake hulificha, sarafu haitakusaidia. Taasisi ya Snell ya Marekani hushauri helmeti ibadilishwe kila baada ya miaka mitano hata kama haijaanguka, na mara moja ikiwa imepata ajali.

Sheria ya Tanzania inamtaka dereva na abiria wote wawili wavae. Sheria haiwezi kuona ndani ya helmeti ya mtumba iliyopakwa rangi upya na kuning'inizwa dukani. Kwa hiyo, ndugu dereva, muulize muuzaji helmeti hiyo imetoka wapi, na asipojua iache. Na yako iliyokwisha kugonga lami usiiuze wala usimgawie mdogo wako: kata mikanda yake, ivunje ganda, uitupe.